Chai ya Rangi Nyumbani kwa Sahara

Brian, aliyekuwa mkuu wangu hadi juzi, ameniomba niwaandikie maafisa wapya wa probesheni kuhusu miaka yangu katika ofisi ya Garissa. Alisema niandike mambo ya kutia moyo. Nimejaribu. Nimeandika kurasa nikazichana, nikainuka nikafagia ua ambao ulikuwa umeshafagiwa. Tangu nistaafu siwezi kukaa kitako kwa muda mrefu. Basi nitaandika yaliyotokea, na moyo kila mmoja wenu atautafuta mwenyewe.

Watu wengi mjini hawakujua kazi yangu ni nini. Wengine walidhani mimi ni polisi niliyenyimwa bunduki. Hata mimi sikuijua siku ya kwanza. Niliajiriwa kwa sababu ya ulimi, si vyeti. Nilikuwa na kidato cha nne, na alama zangu sikuwahi kuzitundika ukutani. Ofisi ilitaka mtu wa kuongea Kisomali na watu wa vijijini, awe msaidizi tu. Nikaja na viatu vipya, na kazi yangu ya kwanza serikalini ikawa kusukuma gari.

Mwenye gari alikuwa Bwana Mutua, Mkamba wa Mwingi, mwembamba, mpole, mpenda sukari kupita kiasi. Yeye ndiye aliyenifundisha kazi. Gari lilipowaka tulikwenda kwa mzee mmoja aliyeibiwa mbuzi, kwenye bula, yaani mtaa, iliyo nyuma ya soko la mifugo. Mwizi alikuwa amekiri, na hakimu alitaka kujua, kabla ya kuhukumu, aliyeibiwa anasemaje na aliyeiba ni mtu wa namna gani. Hiyo ndiyo kazi yetu. Tunakwenda pande zote mbili, tunasikiliza, tunaandika ripoti, na ripoti humsaidia hakimu kuamua kama mtu aende gerezani au apewe kifungo cha nje, arudi kwao chini ya macho yetu.

Chai ililetwa. Mimi nikaanza kuuliza maswali papo hapo, nionekane hodari.

"Habiba," Mutua akasema taratibu, "kunywa kwanza."

Nikanywa. Garini akanieleza. "Mtu akikupa chai amekupa kitu chake. Ukianza kuuliza hujanywa, ni kama unamnyang'anya. Halafu iangalie hiyo chai. Nayo inasema."

Nilidhani anatania, kwamba hataki tu chai yake ipoe na sukari ikae chini.

Alikuwa na kanuni nyingine. Kila mtu azungumze peke yake, hata kama wanaume wa nyumba watakasirika. Mwenyeji akikaa mkekani, wewe usikubali kiti. Kalamu ifungwe kwa kamba, kwa sababu kalamu ya serikali ikifika barazani kwa chifu hairudi. Na hii, aliyoirudia mpaka nikaichoka: "Usiandike ambacho hukuambiwa. Usiache ambacho uliambiwa."

Safari moja tulikwenda kaskazini, upande wa Buna. Tulipofika kwenye kisima fulani nilinyamaza, na Mutua akaniuliza kulikoni. Nikamwambia kwamba kaka yangu Isaack aliuawa pale nikiwa mtoto, katika ugomvi wa zamu ya kunywesha. Wazee wa pande mbili walikaa, wakapatana, na ngamia wa damu wakaletwa nyumbani kwetu kama sheria ya mila inavyotaka. Mama hakuulizwa neno. Mimi nilikunywa maziwa ya wale ngamia, nikanenepa. Tukirudi, Mutua aliendesha mpaka Modogashe. Pale alisimamisha gari, akanunua tikiti maji, akalikata, akanipa kipande cha katikati. Hatukulizungumza tena. Alistaafu, akafia kwao kabla hajamaliza kuezeka nyumba, na mimi nikarithi mkeka wake na chupa yake ya chai. Nadhani kati ya watu niliowahi kuwalilia, yeye ndiye pekee ambaye najua alikufaje.

Sasa niwaambie kesi ya Bishar, kwa maana ndiyo inayonifanya nifagie ua.

Bishar alikuwa kijana mchungaji wa upande wa Diff, mpakani. Aligombana kwenye bohoholi, kile kisima cha kuchimbwa kwa mashine, na kijana mwenzake, Hussein, kuhusu nani anyweshe kwanza. Watu wakawaamua. Baadaye walikutana njiani, wawili tu na punda wao wa maji, ugomvi ukaanza upya, na Bishar akamchoma kisu. Hussein akafa. Wazee wa Bishar wenyewe ndio waliomshika wakampeleka kwa polisi, kisha wakaenda kwa wazee wa Hussein kutafuta maslaha, yaani mapatano. Yakapatikana. Ngamia wakavuka kutoka boma moja hadi lingine.

Lakini serikali haipokei ngamia. Bishar akashtakiwa, akakiri kuua bila kukusudia, na Jaji akaagiza ripoti. Jaji alikuwa mama mmoja mtulivu aliyesoma ripoti zetu mpaka mwisho, jambo ambalo si la kawaida. Aliandika kwamba anataka hasa maoni ya familia ya marehemu.

Nilianza na Bishar rumande. Alikuwa na mikono mikubwa asiyojua aiweke wapi. Nilimletea chai, nikangoja anywe. Akanieleza ugomvi vizuri, bila kujipamba. Nikamuuliza kama Hussein alikufa papo hapo.

Akatazama mlango. "Wazee wamesema niseme hivyo."

"Sikuuliza wazee wamesema nini."

Akaibana mikono katikati ya magoti. Kisha akasema kwamba Hussein alianguka kando ya njia, yuko hai, anaongea. Akaomba maji. Punda wa Bishar alikuwa amebeba madumu yaliyojaa. "Niliogopa, eddo. Niliona ndugu zake watatokea wakati wowote. Nikampiga punda tukaondoka. Nilimsikia mbali sana." Akanishika mkono wa buibui. "Eddo, hiyo usiandike. Wallahi, hiyo usiandike."

Eddo ni shangazi. Wanakuita shangazi, kisha wanakukabidhi kitu kama hicho.

Nikamwambia ukweli. "Nimeshasikia. Siwezi kurudisha masikio."

Wiki iliyofuata nilikwenda Diff, tukipitia Dadaab, nyuma ya gari la polisi, vumbi lao lote likiwa langu. Boma la kina Hussein lilikuwa nje ya mji kidogo. Ngamia walikuwa wengi, majike wenye ndama, viwele vimejaa. Aliyenipokea ni Mzee Gabow, ndugu wa baba yake Hussein. Baba mwenyewe alikuwa amefariki zamani. Mzee alianza kwa Kiswahili, kwa sababu nilikuwa mtu wa ofisi.

"Hii maneno imeisha, madam. Sisi tumesamehe. Andika hivyo, kunywa chai, rudi salama."

Nikamjibu kwa Kisomali, akacheka. "Kumbe ni binti yetu! Basi hata kuandika huna haja. Umeona mwenyewe. Watoto wa pande mbili wananywesha pamoja. Unajua ilivyokuwa kabla? Tulikuwa tunakwenda kisimani na bunduki."

Alisema kweli. Nilimheshimu wakati ule na ninamheshimu leo. Yale mapatano yalizuia vifo, na mimi sikuwa nimezuia hata kimoja.

Chai ikaletwa na mama wa marehemu, Sahara, mwanamke mrefu, mkavu. Ilikuwa chai ya rangi.

Nikakiangalia kikombe. Boma lile lina maziwa ya kuoga, na mgeni anapewa chai ya rangi. Mzee Gabow naye aliiona, akakunja uso. "Sahara! Maziwa yameisha?"

"Ya mbuzi yameisha," akasema, akaondoka.

Nikanywa yote. Kisha nikaomba kuzungumza naye peke yake. Mzee akaniuliza kwa nini, wakati neno la familia ameshalitoa. Nikamwambia ofisi yetu ina mila zake pia. Akaguna, akaniruhusu kwa mkono, kama mtu anayefukuza nzi.

Sahara alikuwa nyuma ya nyumba akisuka kamba. Nikatandika mkeka wa Mutua. Hakunitazama.

"Wanakunywa maziwa ya wale ngamia," akasema. "Mimi siwezi. Nikiyaweka mdomoni nasikia kama ni yeye. Wanasema nina kiburi. Shemeji yangu ndiye anayenilisha, kwa hiyo mdomo wangu una mpaka. Nimekuambia wewe kwa sababu umekaa chini. Sijasamehe. Lakini usiandike. Ikisomwa kule mbele ya watu, mimi narudi kulala wapi?"

"Nikiandika kwamba familia yote imesamehe, nitakuwa nimeongopa," nikamwambia.

"Hilo nalo usiandike. Usiseme nimesamehe."

"Sasa niandike nini, hooyo, mama yangu?"

Akaendelea kusuka. Kisha akauliza, sauti ndogo, "Umemwona yule kijana?"

"Nimemwona."

"Alikuambia mwanangu alikufaje? Wazee walikaa siku nyingi chini ya mti wao. Waliongea ngamia, waliongea kisima. Nilitaka kuuliza jambo moja tu, wakasema wanawake wasiharibu maslaha. Wananiambia alikufa palepale. Wewe unajua?"

Maafisa wapya, hakuna mafunzo ya jambo hili. Nilijua. Jibu lilikuwa mdomoni mwangu. Ningeweza kumwambia ndiyo, alikufa palepale, pumzika. Ningeweza kumwambia mwanao aliomba maji. Katika njia zote mbili ningekuwa nimebeba neno la mtu mwingine na kulitupa mapajani mwake, kisha nikapanda gari.

"Najua alichoniambia," nikasema. "Lakini si mimi wa kukuambia. Ni yeye."

Mikono yake ikasimama. "Basi kuna jambo."

Sikujibu, na kutojibu kwangu kulikuwa jibu. Bado sijui kama nilimtendea haki.

"Nikiandika kwamba una swali, na ungetaka kumuuliza wewe mwenyewe mbele ya Jaji?"

Alifikiri. "Swali si kosa," akasema. "Andika."

Niliporudi Garissa, Brian alifunga mlango wa ofisi. Alikuwa mdogo kwangu kwa umri, na mara nyingi alikuwa sahihi. Nilimweleza yote.

"Madam, hebu tusaidiane," akasema. "Pande zote zimekubali. Upande wa mashtaka hawana neno. Kijana akirudi nyumbani leo, bohoholi inabaki na amani. Ukileta haya ya maji, Jaji anamfunga, watu wake wanasema mapatano yamevunjwa, na mtu mwingine anachomwa. Utamweleza nini mama wa huyo mwingine?"

"Sijui."

"Na huyu mama mmoja?"

"Yeye ndiye aliyezaa, Brian."

Akajikuna kichwa. "Hiyo si hoja ya kisheria."

"Najua. Lakini ni ya kweli?"

Akavuta faili karibu yake. Mwishowe akasema, "Andika ulichoambiwa. Nitatia sahihi. Lakini usingizi wangu umeuharibu, sema tu."

Nikarudi rumande. Nikamwambia Bishar kwamba mama wa Hussein ataomba kumuuliza jinsi mwanawe alivyokufa. Nikamwambia pia kwamba nitaandika kuwa ana maelezo kuhusu mwisho wa Hussein, na nitamwachia ayatoe mwenyewe. Asipoyatoa, na Jaji akiniuliza, nitasema.

"Eddo, unaniuza," akasema.

"Ninakupa nafasi. Likitoka kwangu ni ushahidi. Likitoka kwako ni lako."

"Wazee wataniua."

"Hawatakuua. Watakasirika."

"Na nikifungwa?"

"Unaweza kufungwa," nikasema. Sikumpa matumaini ambayo sikuwa nayo. Akageuza uso ukutani, na niliondoka bila kujua atafanya nini.

Siku ya mahakama wazee wa pande zote mbili walikaa pamoja, wakitaniana, wakigawana tambuu. Sahara alikaa mwisho wa benchi, kama mtu aliyekosea mlango. Mzee Gabow hakunisalimu. Jaji alisoma ripoti, akavua miwani, akasema kwamba kabla hajaamua atamruhusu mama aulize. Wakili wa Bishar akasimama kupinga. Jaji akamwambia akae.

Sahara akasimama. Mkalimani akamsogelea, lakini yeye alikuwa akimtazama Bishar tu.

"Mwanangu alikufaje?"

Bishar akawatazama wazee wake. Mmoja wao alitikisa kichwa, kidogo sana, lakini niliona. Mikono yangu ilikuwa imeshika kiti. Sentensi yangu nilikuwa nimeshaipanga, na nilimwomba Mungu nisiulizwe.

"Hakufa palepale," Bishar akasema. "Aliomba maji. Nilikuwa nayo. Niliondoka."

Mkalimani alisita, kisha akatafsiri. Wazee wakaanza kunong'ona. Sahara hakutikisika.

"Aliniita?"

"Alikuita, hooyo. Nilimsikia akikuita mpaka sikumsikia tena."

Akaivuta shuka yake mpaka kwenye nyusi. Jaji akangoja, kisha akamuuliza kwa upole kama amemsamehe mshtakiwa.

"Sikuja kwa hilo," Sahara akasema, akakaa.

Jaji alimfunga Bishar. Alisema kuhusu kisu angeweza kuelewa hasira ya vijana na kuyapa mapatano ya wazee uzito wake wote, lakini maji hakuweza kuyaruka. Alisema pia kwamba kama mshtakiwa asingesema kweli, kifungo kingekuwa kirefu zaidi. Watu husema hivyo kunituliza. Mimi nafikiri kama mimi nisingeandika, kusingekuwa na kifungo kabisa.

Nje, Mzee Gabow alinijia mbio. "Umefurahi? Ulikunywa chai yangu!"

"Nilikunywa ya Sahara," nikasema, na nikajuta kusema.

Polisi waliwekwa kwenye bohoholi. Kiangazi kile chote, simu ikilia nilidhani ni Diff wananiambia mtu amekufa. Hawakupiga. Wazee walewale niliowavuruga walikaa tena, wakaliunganisha lililokatika, kwa taabu, na Sahara hakufukuzwa. Hiyo ni sifa yao, si yangu.

Lakini mama yake Bishar alikuwa akija langoni pa ofisi. Hakupiga kelele. Alikaa kwenye kivuli cha ukuta, nikitoka ananiambia jambo lilelile: "Ungenyamaza tu, walaal, ndugu yangu. Kila mtu alikuwa amenyamaza." Nilimkaribisha chai na hakuinywa hata siku moja. Sikumlaumu. Sina jibu la kumpa, na ninyi msidhani mtapata jibu kwa kusoma zaidi. Nilichojifunza ni kidogo. Kila mtu katika kesi ana neno lake, na kazi yetu ni kulisogeza mpaka kwa anayelihitaji bila kulipunguza. Baada ya hapo mambo hayako mikononi mwetu, na huo ndio ugumu wake.

Baada ya kustaafu, kabla ya kitu kingine chochote, nilikwenda Diff kwa gharama yangu. Sahara alinitambua kwa mbali, akaweka sufuria motoni. Chai ikaja. Ilikuwa ya rangi.

Nikanywa. Kisha nikamuuliza habari zake.

"Ya ngamia bado sinywi," akasema. "Watoto wa shemeji wanakunywa, wakue. Huyo kijana akitoka sitaki aje hapa." Akasukuma kuni motoni. "Lakini nalala. Zamani nikifumba macho nilikuwa namuua mwanangu kila usiku kwa namna nyingine. Sasa anakufa kwa namna moja tu. Ni mbaya, lakini ni yake." Akanimiminia tena. "Na wewe? Una macho ya mtu asiyelala."

Nikamwambia habari za Isaack. Sikuwa nimemwambia mtu tangu Mutua. Nikamwambia kwamba aliyemuua kaka yangu bado yu hai, ni mzee sasa, ana duka dogo la chumvi na kamba pale Buna. Nimejua hivyo kwa miaka mingi. Nimepita mbele ya duka lile nikiwa ndani ya gari la serikali na sikuteremka, kwa sababu nilikuwa kazini.

"Sasa hauko kazini," Sahara akasema.

Ndiyo sababu Brian ameipata ripoti hii ikiwa fupi na haijapangika. Tiketi ya Wajir iko kwenye mkoba, na Wajir hakukosi gari la kwenda Buna. Mama yangu hayupo tena kuuliza, kwa hiyo swali limebaki kwangu. Nimechukua mkeka. Huyo mzee akinikaribisha, nitakaa chini. Atakachonipa, cha rangi au cha maziwa, nitakunywa kwanza. Kisha nitamuuliza.